Mnyoosho na Kidonge cha Jioni

Nguo ikifika kwa Dobi, kwanza inageuzwa ndani nje. Dobi anaitafuta lebo, kile kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye kola au ubavuni, na anaisoma kabla hajagusa maji. Lebo ikisema maji baridi, nguo inapata maji baridi. Ikisema isipigwe pasi, haipigwi, hata mwenye nguo apige magoti.

"Lebo haina rafiki," Dobi hupenda kusema. "Inasema kilichopo, basi."

Ana sababu yake. Zamani alipuuza lebo ya sweta ya mteja. Sweta iliingia majini ikiwa ya mtu mzima, ikatoka ya mtoto mchanga. Tangu siku hiyo anaziheshimu lebo kuliko anavyowaheshimu wakwe zake.

Dobi na familia yake wanaishi palepale wanapofanyia kazi. Uani kuna mapipa ya maji, makarai na kamba za kuanikia. Nyuma kuna vyumba viwili vya kulala. Chumba cha mbele ndicho duka. Kina kaunta, rafu za nguo zilizokunjwa, na meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake. Meza hiyo ni ya mke wa Dobi. Wateja walimpa jina la Mnyoosho, likamkaa, hata mumewe akalizoea. Shati likipita mikononi mwake, mstari wa mkono unashuka kutoka begani hadi kwenye kifungo bila kuyumba. Watu walitoka mitaa ya mbali kwa ajili ya mstari huo.

Yupo pia Bibi, mama yake Dobi. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi hii, enzi za pasi za mkaa. Lakini Bibi hapigi pasi. Anafua, anaanika, anakunja. Pasi ikiwaka, anahamia upande wa pili wa chumba. Mkono wake wa kulia una kovu refu la moto. Ukimuuliza habari za kovu hilo, anakuambia ni mambo ya zamani, kisha anakupa kazi ya kufanya.

Wa mwisho ni Pini, binti wa Dobi na Mnyoosho. Ni mwembamba kama jina lake. Kazi yake ni kuokota vifungo vinavyodondoka na kuuliza maswali.

Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa wanacheka. Kilichowaharibia kicheko ni kichwa cha Mnyoosho.

Kwanza nuru ndogo ilicheza pembeni mwa jicho lake, kama jua linavyomeremeta kwenye beseni la maji. Kisha upande mmoja wa kichwa ulianza kugonga. Weupe wa mashati ulimchoma macho. Harufu ya sabuni, aliyoizoea miaka yote, ilimtapisha. Aliacha pasi, akaingia chumba cha nyuma, akafunga dirisha na kulala na kitambaa chenye maji usoni. Maumivu hayo huitwa kipandauso. Yalimkalia siku nzima, wakati mwingine mpaka siku ya pili. Pini alijifunza kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajifunza kusoma.

"Ni joto la pasi hilo," Dobi alisema.

"Ni kichwa tu," Bibi alisema. "Nani hana kichwa?"

Mnyoosho alinunua vidonge vya maumivu dukani. Akavimeza karibu kila siku, maana kazi haingoji. Ikafika mahali akimeza kichwa kinauma, asipomeza kinauma vilevile. Maji yalipomfika shingoni, akaenda zahanati.

Daktari alimsikiliza vizuri, akampima. Lakini foleni ilikuwa imefika nje ya mlango, na mtoto mmoja kwenye foleni hiyo alikuwa akilia bila kunyamaza. Daktari aliandika dawa iitwayo topiramate.

"Hii ni ya kuzuia," alisema. "Kimoja kila jioni. Nitakuongezea taratibu. Urudi mwezi ujao."

"Ndiyo, daktari," alisema Mnyoosho. Alisema ndiyo kwa kila neno, hata yale ambayo hakuyaelewa. Aliona aibu kuwachelewesha waliokuwa nyuma yake.

Basi akaanza kumeza. Kila jioni, kimoja. Alitarajia kwamba kichwa kingepona wiki ileile. Hakikupona. Badala yake vidole vilianza kumchonyota, kama mtu aliyelalia mkono wake. Chakula kikawa hakina ladha. Kisha, asubuhi moja, alikuwa na shati mkononi akamwita mkwewe.

"Mama, hili lina doa hapa kwenye... kwenye hii..."

"Kwenye nini?"

"Hii ya shingoni. Inaitwaje?"

"Kola?"

"Ndiyo. Kola."

Bibi alimtazama bila kupepesa. Mtu ameshinda miaka mbele ya meza ya pasi, leo amesahau kola! Siku hiyo alikunja shuka moja mara tatu.

Haikupita wiki, vidole vilikufa ganzi Mnyoosho akiwa kazini. Pasi ilimponyoka ikalala kifudifudi juu ya suruali ya mteja. Alipoiinua, alama ya kahawia yenye umbo la pasi ilikuwa imebaki, na ncha yake kabisa. Dobi hakumgombeza. Aliogopa, na mtu akiogopa hutafuta kitu cha kushika. Aliingia chumbani, akachukua boksi la dawa, akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote. Akatafuta lebo.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi madogo. Dobi akasoma sentensi ya kwanza. Ilisema dawa hiyo hutumika kutibu kifafa. Akaishia hapo. Angesoma sentensi iliyofuata, hadithi hii isingekuwepo.

Alirudi mbele na karatasi mkononi.

"Mnyoosho, una kifafa?"

"Mimi?"

"Imeandikwa hapa. Dawa ya kifafa. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, na hukuniambia!"

"Baba Pini, sijawahi kuanguka hata siku moja. Umewahi kuniona nikianguka?"

"Sasa kwa nini unapewa dawa ya kifafa?"

Mnyoosho naye akajiuliza. Kweli, kwa nini? Labda daktari aliona kitu akamficha. Labda kusahau maneno ndiyo kuanza kwenyewe. Labda vidole hivi vinavyochonyota ndivyo vitakavyomwangusha. Hakuwa na wa kumuuliza, na hofu ilimjibu kila swali.

Ndipo Bibi aliposimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alivuka chumba, akaenda mpaka kwenye pasi ambayo siku zote aliikwepa, akauchomoa waya ukutani.

"Hatashika pasi tena humu ndani," alisema.

"Mama..."

"Nimesema. Na Pini atalala kwangu."

"Mama, mtoto amefanya nini?" Mnyoosho aliuliza.

"Mtoto hajafanya kitu. Ndiyo maana atalala kwangu."

Dobi aliikunja ile karatasi, akairudisha kwenye boksi, akatoka uani kugeuza nguo ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Mnyoosho alipewa kazi ya soksi. Alikaa chumba cha nyuma akizipanga jozi kwa jozi, nyeusi na nyeusi. Ile dawa aliacha siku hiyohiyo. Aliliweka boksi nyuma ya magunia ya sabuni, akaamini kwamba asipoimeza dawa ya kifafa, hakuna atakayemwita mwenye kifafa.

Kichwa hakikuwa na habari na hayo. Kilirudi kwa nguvu. Kilimpiga leo, kikampumzisha kesho, kikampiga tena kesho kutwa. Akarudia vidonge vya dukani. Akawa anatapika kwenye karai huku akisikia sauti ya pasi kutoka chumba cha mbele, na anajua kwa kusikia tu kwamba Dobi anaivuta kinyume. Alikonda. Aliacha kuchana nywele. Wateja waliuliza habari zake na Dobi aliwajibu amesafiri.

Hilo ndilo lililomuumiza kupita yote. Yuko hatua chache nyuma ya ukuta, na mumewe anasema amesafiri.

Siku moja alisikia mtu akipumua nje ya mlango.

"Mama."

"Naam, Pini."

"Bibi anasema utaanguka. Utaanguka lini?"

"Sijui, mwanangu."

"Nikae hapa nikudake?"

Mnyoosho aliuma kona ya shuka ili mtoto asimsikie akilia. "Nenda kwa bibi," alisema. Alipobaki peke yake alitamani asiamke tena. Si kwamba alikuwa na mpango wowote. Alikuwa amechoka tu, amechoka mpaka mwisho, na hakuona siku yoyote mbele yake isiyofanana na ile.

Ingeendelea hivyo, kama si koti.

Zahanati ina dirisha la dawa, na anayekaa kwenye dirisha hilo ni mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya kusikika. Ni mfamasia, na makoti yake meupe hufuliwa kwa Dobi. Siku hiyo alikuja kuyachukua. Alilikunjua moja pale kaunta, akaunyoosha mkono wa koti, akautazama kwa jicho moja.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Koti lako."

"Najua ni koti. Huu mkono una mistari miwili, kama reli. Nikilivaa hili, wagonjwa watasubiri treni." Alicheka, kisha akaona kwamba Dobi hacheki. "Mnyoosho yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

Dobi hakuwa fundi wa kudanganya. Alitazama chini. "Anaumwa."

Mfamasia alilaza koti juu ya kaunta taratibu. "Hajaonekana dirishani kwangu kuchukua dawa za mwezi huu. Nilidhani foleni imemshinda. Niitie."

Mnyoosho alitoka akijishika ukutani, kwa kuwa mwanga ulimuumiza. Mfamasia akampa kiti kilichokuwa mbali na mlango.

"Dada, nikuulize mambo ya dawa yako hapa, mbele ya hawa? Au twende pembeni? Ni haki yako."

Mnyoosho alimtazama mumewe, kisha Bibi aliyekuwa kwenye kona akikunja shuka. "Hapahapa," alisema. "Wote wasikie. Nina kifafa?"

"Nani amesema una kifafa?"

"Karatasi," alisema Dobi. "Nimeisoma mwenyewe. Ni dawa ya kifafa."

"Umeisoma yote?"

Dobi akakuna kisogo.

Mfamasia aligeuka kwenye rafu, akashusha chupa moja. "Shemeji, hii ni nini?"

"Siki."

"Inafanya nini kwenye duka la dobi?"

"Inaondoa harufu ya jasho. Na madoa mengine."

"Na jikoni?"

"Tunatia kwenye chakula."

"Basi mimi nikiona siki hapa niagize chakula?"

Chini ya kaunta, alipokuwa akiokota vifungo, Pini alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Dobi alitabasamu shingo upande.

"Dawa ni hivyohivyo," Mfamasia alisema. "Topiramate ina kazi mbili. Inatuliza ubongo unaosisimka kupita kiasi. Kwa mwenye kifafa, inasaidia asianguke. Kwa mwenye kipandauso, inasaidia kisimjie mara kwa mara. Daktari alimpa Mnyoosho kwa kazi hiyo ya pili. Lete boksi nikuonyeshe."

Mnyoosho akalitoa nyuma ya magunia. Mfamasia akaweka kidole chini ya sentensi ya pili, na Dobi akaisoma kwa sauti, polepole. Dawa hiyo pia hutumika kuzuia kipandauso kwa watu wazima. Aliisoma tena, bila sauti. Kisha akakaa chini.

"Lakini haikunisaidia," Mnyoosho alisema. "Nilimeza karibu mwezi, kichwa kikauma vilevile."

"Kwa sababu siyo dawa ya kukata maumivu. Ukiimeza kichwa kikiwa kinauma, haikati kitu. Inajenga taratibu. Watu wengi huona nafuu baada ya mwezi mmoja, miwili, mitatu. Wewe uliacha lini?"

"Siku ile ya karatasi. Ghafla."

Mfamasia alivuta pumzi. "Hilo usirudie, dada. Dawa hii inapunguzwa kidogokidogo, daktari akisema. Mtu akiiacha kwa mkupuo inaweza kumletea degedege, hata kama hajawahi kuanguka maishani. Umepona kwa bahati."

Wote walielewa jambo moja. Hofu yao ya kuanguka ndiyo iliyomfanya aache dawa, na kuiacha ndiko kungeweza kumwangusha.

"Na vidole?" Mnyoosho aliuliza. "Na kusahau maneno? Nilisahau kola, dada. Kola!"

"Ni dawa. Vidole kuchonyota, hamu ya chakula kupungua, neno kupotea mdomoni, hayo huwapata watu wengi mwanzoni. Kwa wengi hupungua. Yakizidi unakuja, daktari anapunguza kipimo au anabadilisha dawa. Hukuambiwa?"

"Kulikuwa na foleni. Sikuuliza."

"Na sisi hatukukuambia vya kutosha. Mimi ndiye niliyekupa boksi." Mfamasia alisema hivyo bila kujitetea. Kisha akainama karibu naye. "Kuna jingine. Dawa hii inaweza pia kumwangusha mtu moyo. Umewahi kutamani kufa?"

Dobi alishtuka. Mnyoosho akatikisa kichwa juu na chini, mara moja.

"Sasa hivi?"

"Leo hapana. Siku zile nyingine."

"Ukijisikia hivyo tena, unasema siku hiyohiyo. Kwa mumeo, kwangu, kwa daktari. Hata usiku gonga mlango. Si aibu." Alimgeukia Dobi. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia," alisema Dobi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mnyoosho, mimi nilisema umesafiri."

"Nilisikia," alisema mkewe.

Hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu.

Shuka lilianguka sakafuni. Bibi alikuwa amesimama, mikono mitupu.

"Binti yangu," alimwambia Mfamasia, "hebu rudia. Dawa hii, kwa mwenye kifafa inafanya nini?"

"Inasaidia asianguke, mama. Ipo hii, na zipo nyingine. Wengi wakimeza kila siku, hukaa bila kuanguka kabisa. Wanasoma, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi. Si laana."

"Na zamani? Zamani dawa hizi zilikuwepo?"

"Zamani gani, mama?"

Bibi aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya kaunta, kovu likiwa juu. "Huyu," alisema, akimwonyesha Dobi kwa kidevu, "alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa na mwingine, wa kwanza, msichana. Alikuwa anaanguka. Watu walituambia si ugonjwa wa hospitali, tusimpeleke. Nikamficha. Wageni wakija, namfungia ndani. Siku moja nilimwacha karibu na jiko, tulikuwa tunawasha makaa ya pasi. Nilienda kuchota maji tu. Nikarudi, ameangukia jiko. Nilimtoa kwa mkono huu."

Dobi alisimama. "Mama, uliniambia alikufa kwa homa."

"Nilikuambia hivyo."

Mfamasia angeweza kudanganya. Wengine wangedanganya, kwa huruma.

"Hii labda haikuwa imetufikia, mama," alisema. "Lakini dawa nyingine za kifafa zilikuwepo."

"Zilikuwepo," alisema Bibi.

"Zilikuwepo, mama. Hukujua."

"Sikuuliza." Bibi aliketi juu ya furushi la nguo. Alilia kwa sauti ya ndani, ya mtu aliyeizuia miaka mingi. Na Mnyoosho, kichwa kikigonga, mwanga ukimchoma, alitoka kwenye kiti chake akaenda kukaa chini karibu naye. Alimshika mkono wenye kovu.

"Nilidhani nakulinda," Bibi alimwambia. "Nilikuona juu ya ile pasi, nikamwona yeye. Nikafanya yaleyale. Nikakufungia ndani."

Kesho yake Dobi alifunga duka mchana. Kwa dobi kufunga duka mchana wa jua kali si jambo dogo. Alikwenda na mkewe zahanati, akaingia naye mpaka ndani. Foleni ilikuwa ndefu kama siku zote. Safari hii Mnyoosho hakuinuka kitini mpaka alipomaliza maswali yake.

Daktari hakumwanzishia pale alipoishia. Alimrudisha kwenye kipimo kidogo cha mwanzo, kimoja jioni, cha kuongezwa polepole. Akamwambia anywe maji mengi, maana dawa hiyo huweza kuleta mawe kwenye figo. Jicho likimuuma ghafla au kuona kukififia, asingoje kesho, aje mbio. Vile vidonge vya maumivu, avimeze siku chache tu kwa mwezi, kichwa kikianza, kwa sababu kuvimeza kila siku nako huzaa maumivu ya kichwa.

"Unafanyia kazi wapi?" daktari aliuliza.

"Kwenye pasi."

"Basi ujue dawa hii inaweza kupunguza jasho. Ukiwa kwenye joto mwili unashindwa kupoa. Upate hewa, upumzike."

"Meza nitaihamisha," alisema Dobi kabla hajaulizwa.

"Na mtoto? Mnapanga kupata mwingine?"

Waliangaliana. Walikuwa wanapanga. Bibi alikuwa akiuliza kila mwezi, tena bila kuzunguka.

"Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni," alisema daktari. "Unapoitumia, tumia uzazi wa mpango ulio wa uhakika, na tuchague pamoja, kwa kuwa vidonge vingine vya uzazi wa mpango hupungukiwa nguvu vikikutana nayo. Mkitaka mtoto, njooni kwanza. Tutapunguza dawa taratibu, ndipo mshike mimba. Na ikitokea umeshika kabla, usiache mwenyewe kwa hofu. Njoo siku hiyohiyo."

Hilo liliwauma. Walirudi nyumbani, kila mmoja akimfikiria mtoto ambaye hayupo. Mnyoosho ndiye aliyemwambia Bibi, akitarajia maneno makali.

Bibi alikuwa anakamua shuka. Aliendelea kulikamua mpaka likaacha kutoa maji.

"Mjukuu atasubiri," alisema. "Wewe nilikuwa nakupoteza."

Dobi aliihamishia meza ya pasi dirishani. Rafu ilibidi zisogee, na wateja sasa wanagongana na kaunta, lakini upepo unaingia. Chupa ya maji inakaa juu ya meza, na Pini amepewa cheo cha kuijaza. Pini amerudi kulala na mama yake. Jioni, kabla ya chakula, Bibi anakuja na kikombe kimoja na kidonge kimoja, anasimama palepale mpaka kimemezwa.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya kama ule wa mwanzo. Vidole vilichonyota. Siku moja Mnyoosho alikaa akitafuta neno kifungo mpaka Pini akamwonyesha kimoja. Alilia, akasema hawezi tena, ni bure. Bibi hakumbembeleza. Alimletea kikombe.

Mwezi wa pili, kichwa kilichelewa kuja. Wa tatu, kilikuja mara mbili tu, na mara zote mbili aliinuka kitandani jioni hiyohiyo. Hakijaisha. Daktari amesema huenda kisiishe kabisa. Lakini sasa Mnyoosho ana siku zake mwenyewe, nyingi zikifuatana. Mstari wa mkono umerudi kuwa mmoja, na Mfamasia anavaa koti lake bila kungoja treni. Dobi naye amebadilika. Boksi jipya la dawa likifika, anakaa kitako, anavaa miwani, anasoma karatasi mpaka mwisho, na asipoelewa anaenda dirishani kuuliza.

Kuna siku ambazo mke na mume huzungumza kidogo tu. Lile neno amesafiri bado liko kati yao, nalo haliondoki kwa siki.

Wiki iliyopita Bibi aliingia na sanduku lake la bati. Alitoa humo gauni dogo la mtoto wa kike, limekunjwa miaka mingi hata mikunjo imegeuka njano. Alilifua mwenyewe, kwa mkono, akalianika kivulini. Lilipokauka akalileta mezani.

Dobi, kwa mazoea, aliligeuza ndani nje.

"Halina lebo," alisema.

"Nililishona mwenyewe," alisema Bibi. Alikuwa amesimama karibu na pasi ya moto, karibu kuliko alivyowahi kusimama. Aliishika mpini, akaigeuza, akamkabidhi mkwewe mkononi. "Linyooshe vizuri, mwanangu. Ni la wifi yako."

Mnyoosho alijaribu joto la pasi kwa kidole chenye mate. Kisha akaanza na kola.